Nyama Kavu Ianze Chunguni



Leo nataka tuzungumze juu ya nyama kavu. Huenda ukaniuliza, "Je, habari za mbegu na mvua zimekwisha, hata tuandikiwe habari za vitafunio?" Subiri kidogo, maana jambo hili linahusu ng'ombe wako, na linahusu watoto wako hata zaidi.

Katika maduka makubwa ya Nairobi huuzwa vipakiti vidogo vya nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vyembamba, ikatiwa chumvi, siki, pilipili manga na dania, kisha ikakaushwa. Watu huitafuna safarini, au wakiwa kazini, au wakikaa na kinywaji. Kipakiti chenyewe chaenea kiganjani, lakini ukiipiga bei yake hesabu ya kilo moja utashangaa. Desturi ile imetoka Afrika ya Kusini, ambako nyama hiyo huitwa biltong. Watu wa asili wa Marekani nao walikausha nyama, wakaiponda, wakaichanganya na mafuta, wakaweza kusafiri nayo majuma mengi. Wala si lazima twende mbali hivyo. Wasomali na Waborana wa kaskazini mwa nchi yetu hukata nyama ya ngamia, ya ng'ombe au ya mbuzi, huianika, huikaanga, kisha huihifadhi katika samli au mafuta. Nyama hiyo ndiyo nyirinyiri, nayo hukaa miezi bila kuharibika. Pwani nao wana neno lao la zamani la samaki au nyama iliyopasuliwa na kuanikwa: ng'onda.

Sina ugomvi na mtu anunuaye kipakiti. Linalonisumbua ni kwamba sisi wa Kitui na Makueni tuna ng'ombe, tuna jua, tuna na upepo mkavu wa mwezi wa nane, lakini ingia nyumba kumi utafute kopo moja la nyama kavu. Sidhani utalipata.

Tazama jinsi ng'ombe wetu wanavyomalizika. Mvua za mwezi wa kumi zikikosa, mkulima husema, "Ngoja tuone mwezi wa tatu." Za mwezi wa tatu nazo zikikosa, husema, "Labda itanyesha juma lijalo." Wakati huo ng'ombe anapungua. Mnofu aliokuwa nao mwezi wa sita haupo tena mwezi wa nane, na dalali wa Emali aliyetaja bei nzuri mwezi wa sita sasa anatazama mbavu na kucheka. Mwishowe mnyama huuzwa kwa bei ya ngozi, au huanguka chini na hainuki. Watu wengi wa Mutomo, Mutha, Kyuso na Kibwezi waliona hayo katika ukame ulioanza mwaka wa 2020, misimu mitano ya mvua ilipokosa kwa kufuatana. Mnyama aliyelishwa miaka mitano alipotea katika majuma sita, na mtoto wa nyumba ile hakuonja hata kipande kimoja cha nyama yake.

Shauri langu ni hili. Ukiwa na ng'ombe wanne, na malisho ni ya ng'ombe wawili, usingoje. Uza mmoja mapema, wakati bado ana mwili, ili upate fedha za shule na za chakula. Na mmoja achinjwe mapema vilevile, nyama yake ikaushwe, iwekwe nyumbani kama unavyoweka ndengu na kunde. Kama ng'ombe mzima ni mzigo mkubwa kwa nyumba moja, nyumba nne zishirikiane. Tunashirikiana kulima na kuchimba mitaro ya shambani, kwa nini tusishirikiane katika nyama?

Sasa tupige hesabu. Nyama mbichi ya mnofu ina maji mengi. Katika kila kilo moja, kadiri ya gramu 700 ni maji. Ukiikausha sawasawa, kilo tatu za mnofu hubaki kama kilo moja tu. Tuseme zebu wako, akiwa bado na hali nzuri, ametoa kilo 60 za mnofu usio na mifupa. Utapata kilo 20 hivi za nyama kavu. Nyumba nne zikigawana, kila moja itapata kilo tano. Mama akitia gramu 50 katika chungu kila siku, ambazo ni sawa na gramu 150 za nyama mbichi, zile kilo tano zitamfikisha siku 100. Hesabu siku hizo tangu mwanzo wa mwezi wa saba, utafika karibu na mvua za mwezi wa kumi. Siku hizo 100 ndizo maziwa yamekauka, kuku wamepungua, na watoto wanakula isyo na ngima na maji.

Hapo ndipo mtu mmoja atasema, "Lakini ndengu zina protini nyingi, na tumefundishwa hivyo." Amefundishwa vizuri. Ndengu, kunde na mbaazi zina protini nyingi, na asikudanganye mtu kwamba mlo wa mahindi na maharagwe ni mlo wa kudharau. Upungufu wake uko mahali pengine. Mwili wa mtoto hutaka madini ya chuma ili kutengeneza damu. Chuma kimo katika maharagwe, lakini mwili hukivuta kwa shida. Chuma cha nyama huvutwa kwa urahisi. Tena nyama ina tabia nyingine njema: ikiwa katika chungu kimoja na maharagwe, huusaidia mwili kuvuta hata kile chuma cha maharagwe. Hii ndiyo sababu nasema kipande kidogo kinafaa. Nyama pia ina zinki, madini yanayosaidia mtoto kukua na kupigana na maradhi. Na ina vitamini B12, ambayo hupatikana katika vyakula vya wanyama, kama nyama, maziwa, mayai na samaki. Katika mahindi na kunde haimo kabisa.

Jambo hili lilipimwa karibu na kwetu, ng'ambo ya mto Tana. Mwaka wa 1998 wataalamu walianza uchunguzi katika shule 12 za msingi za Embu. Watoto wa shule nyingine walipewa githeri iliyoongezwa mafuta, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyotiwa nyama ya kusaga, na wengine hawakupewa chakula shuleni. Walifuatwa kwa muda wa miaka miwili hivi. Watoto waliokula githeri yenye nyama ndio walioendelea zaidi katika mtihani wa kupima akili, ule wa kutambua mifano ya picha. Walionekana wakicheza kwa nguvu zaidi uwanjani na kuwaongoza wenzao, na misuli ya mikono yao iliongezeka. Watoto hao walikuwa wa wakulima kama wewe, na chakula chao kilikuwa githeri, ndugu yake isyo yetu.

Sasa niseme neno ambalo wanaume wenzangu hawatalipenda. Nyama katika Ukambani haikosekani kabisa. Siku ya soko utaiona juu ya moto, na utawaona walaji wake. Mtoto wa miaka mitatu hayupo pale. Mama mwenye mimba, ambaye damu yake inatumika kwa watu wawili, naye hayupo pale. Hao hupata supu, kama ikibaki, na supu ina ladha nzuri lakini nyama yenyewe imekwenda na wenyewe. Nyama kavu ikiwekwa nyumbani, ikapimwa kwa mkono wa mama, yaweza kuiondoa desturi hiyo bila kelele na bila baraza. Kwa sababu hiyo sitaki nyama kavu iwe kitu cha kutafunwa na baba peke yake. Ikiwa hivyo, tutakuwa tumeihamisha nyama choma kutoka sokoni na kuitia mfukoni, basi.

Najua pia kwamba maneno "punguza ng'ombe" hayapendezi masikioni mwa Mkamba, na sababu yake ni ya haki. Mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni ilitwaa ng'ombe wa watu kwa nguvu katika Wilaya ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake mpaka mwaka wa 1992. Ilisema kwamba udongo unaharibika kwa wingi wa mifugo. Mnunuzi aliyekuwa akingoja alikuwa kiwanda cha Liebig cha Athi River, na bei ilikuwa ya kumdhulumu mwenye mali. Muindi Mbingu akawaongoza maelfu ya watu kwenda Nairobi kwa miguu, wanaume, wanawake na watoto, wakakaa huko majuma mengi wakitaka kusikilizwa na Gavana. Yeye alikamatwa akapelekwa Lamu, lakini kabla mwaka ule haujaisha serikali ilirudi nyuma. Hata katika mashamba ya Makueni yaliyoanza kugawanywa katikati ya miaka ya 1940, baada ya msitu wa mbung'o kufyekwa, mashauri ya kuhesabiwa ng'ombe yaliendelea kuwa machungu.

Basi usinielewe vibaya. Mwaka wa 1938 mtu mwingine ndiye aliyeamua, na nyama ilikwenda kwa mtu mwingine. Ninalolisema mimi ni kwamba wewe uamue, na nyama ibaki kwako. Ng'ombe ni akiba, ndiyo. Lakini akiba inayokonda kila siku hailindwi kwa kutazamwa. Wala fedha peke yake haitoshi. Wazee wanaikumbuka njaa ya mwaka wa 1984 waliyoiita Nikw'a Ngwete, yaani "nafa nimeshika". Watu walikuwa na fedha mkononi, na dukani hakuna kitu. Mwenye fedha, na ndengu ghalani, na kopo la nyama kavu juu ya kabati, ana mambo matatu ya kutegemea, na hatakuwa wa kwanza kupanga mstari wa mwolyo.

Liko jambo moja ambalo lazima niliseme kwa ukali. Usikaushe nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe. Najua jinsi inavyouma kumwona dume amelala chini na nzi juu yake, na majirani wakisema, "Mpasueni upesi, nyama isiharibike." Mnyama aliyekufa ghafla huenda ameuawa na kimeta. Huenda utaona damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani, mdomoni au nyuma, na tumbo likifura upesi. Na pengine hutaona dalili hizo. Mnyama huyo asifunguliwe kabisa. Vijidudu vya kimeta hujifunika, vikakaa udongoni miaka mingi sana. Chumvi haviviui, jua haviviui, na kukausha haviviui. Watu wamekufa kwa kula nyama hiyo, na wengine kwa kuichuna ngozi tu. Mwite afisa wa mifugo, mzoga uchomwe au uzikwe chini sana, na mbwa wasiufikie. Faida kubwa ya kuchinja mapema ni hiyo hasa: unachinja mnyama aliyesimama kwa miguu yake, mkaguzi akamtazama akiwa hai na akatazama nyama yake. Kama alidungwa sindano ya dawa, ngoja kwanza siku zilizoandikwa juu ya chupa zipite.

Mkaguzi pia atatafuta malengelenge ya tegu, yale madoa meupe kama punje za mchele katika mnofu. Nyama kavu isiyopikwa yaweza kubaki na tegu hai. Kwa hiyo, mimi husema kwamba nyama kavu ya nyumbani ichemshwe kila mara kabla ya kuliwa, hata kama watu wa vipakiti hutafuna yao hivyo hivyo. Mwenye kutaka kuitafuna njiani na aichemshe kwanza kabla ya kuikausha, kama nitakavyoeleza.

Namna ya kukausha si ngumu, ila inataka usafi na inataka uangalifu wa majira. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi zetu huwa na mawingu na baridi, na nyama hukauka polepole mno. Mwezi wa nane na wa tisa, au mwezi wa kwanza na wa pili, hewa ni kavu na upepo unavuma vizuri. Ukilazimika kuchinja wakati wa mawingu, kata vipande vyembamba zaidi na usikaushe nyingi kwa mara moja.

Chagua mnofu wa paja na wa bega. Ondoa mafuta yote unayoweza, maana mafuta hayakauki, huchacha na kuipa nyama yote harufu mbaya. Mafuta hayo yayeyushwe yatumike jikoni. Maini yaliwe siku ile ile, na watoto wapewe kwanza, kwa sababu yana chuma kingi kuliko mnofu. Kata nyama kwa kufuata nyuzi zake, vipande virefu vya shibiri moja au mbili, unene usizidi kidole kidogo. Kipande kinene hukauka nje na kuoza ndani, na hapo ndipo watu wengi wanaoanza hukata tamaa.

Chemsha maji, yaache yapoe, utie chumvi gramu 140 katika kila lita, yaani zaidi kidogo ya robo ya pakiti ya nusu kilo. Tumbukiza vipande kwa dakika tano, uvitoe, uviache vichuruzike. Kisha vitundike juu ya waya au kamba safi, visigusane, mahali penye upepo. Jua kali la moja kwa moja mchana kutwa si zuri sana. Kivuli chenye upepo kinafaa zaidi kuliko watu wanavyodhani. Adui ni nzi, vumbi na umande. Fundi seremala atakutengenezea sanduku la mbao lenye wavu mwembamba wa waya pande zote, na sanduku hilo litakutumikia miaka. Jioni ingiza ndani, asubuhi toa nje. Baada ya siku nne au tano za hewa kavu nyama huwa tayari. Ipinde: ikipasuka na kuonyesha nyuzi nyeupe ndani, imekauka. Ikiwa laini na yenye unyevu katikati, bado.

Kwa ile ya kutafuna, na ile ya watoto wadogo, ipike kwanza mpaka iive kabisa, ichambue kwa mikono safi iwe nyuzi nyuzi, uitandaze juu ya sinia, uikaushe juani chini ya wavu au juu ya moto mdogo mpaka iwe kavu kabisa. Ya mtoto isitiwe chumvi. Hiyo iponde katika kinu, uipepete, utapata unga wa nyama. Mtoto aliyetimiza miezi sita na kuanza kula atiwe kijiko kidogo cha unga huo katika uji, na uji uchemke nao. Mama ataendelea kumnyonyesha vilevile. Unga huo haukai sana kama vipande vya chumvi, kwa hiyo tengeneza wa majuma machache tu.

Weka nyama katika kopo au debe safi lenye mfuniko wa kubana, mahali pakavu na pa giza. Baada ya siku mbili fungua utazame. Ukiona matone ya maji chini ya mfuniko, itoe uianike tena. Ukiona ukungu, itupe. Usiupanguse ukungu na kusema haidhuru.

Na matumizi yake? Loweka vipande usiku, asubuhi ukate vidogo vidogo, uvipike na isyo au muthokoi tangu mwanzo ili vilainike. Maji ya kulowekea yakiwa na chumvi nyingi yamwage. Katika kunde za majani au sukuma, kaanga kidogo na kitunguu na nyanya. Nyanya zenyewe husaidia mwili kuvuta chuma. Wakati wa maembe na machungwa ya Makueni, mpe mtoto tunda baada ya chakula kwa sababu hiyo hiyo. Chai nayo ingoje kama saa moja, maana chai ya majani ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma cha maharagwe na mboga. Mchungaji anayekaa na mifugo kutwa, mwanafunzi anayekwenda mbali, mtu wa basi la Mombasa, hao wote wapewe vile vipande vilivyopikwa kabla ya kukaushwa. Ni chepesi kubeba, havimwagiki, havichachi kama maziwa ya chupa.

Lakini kiasi, tafadhali. Nyama kavu ina chumvi nyingi. Shirika la Afya Ulimwenguni hushauri mtu mzima asipitishe gramu tano za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Kwa hiyo ukitia nyama kavu chunguni, usiongeze chumvi nyingine mpaka umeonja, na mara nyingi hutaongeza. Mzee mwenye shinikizo la damu apewe iliyolowekwa vizuri, au aachiwe mayai. Tena mwaka wa 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika hilo walitangaza kwamba nyama zilizohifadhiwa kwa chumvi, moshi na dawa, zikiliwa nyingi kila siku kwa miaka, huongeza hatari ya saratani ya utumbo. Walitaja gramu 50 kwa mtu mmoja kila siku. Gramu 50 zangu ni za chungu kizima cha watu sita au saba, na ni za miezi ya shida. Anayemaliza vipakiti viwili kila jioni na chupa ya pombe asiniweke mimi kuwa shahidi wake.

Wengine wataniuliza kuhusu kuuza. Kikundi cha kina mama kikikausha vizuri chaweza kuuza, na soko lipo katika barabara yote kutoka Sultan Hamud mpaka Mtito Andei. Lakini nyama ya kuuza ni lazima ichinjwe katika kichinjio kilichoruhusiwa na ikaguliwe, mahali pa kukaushia pakaguliwe na watu wa afya, na kipakiti kiwe na alama ya KEBS. Anzeni kwa nyumba zenu. Kina mama waliokausha ng'ombe watatu kwa ajili ya watoto wao wenyewe watakuwa wamejua unene wa kipande, wamejua chumvi, wamejua na hila za umande, na hapo mteja hatakuwa mtu wa kufanyiwa majaribio.

Bwana Mifugo akija katika baraza lijalo, au Bibi Mifugo, maana siku hizi wako wengi na wanaijua kazi, mwulizeni mambo mawili kabla hajapanda pikipiki yake: mkaguzi wa nyama hufika kichinjioni kwenu siku zipi, na ng'ombe wa sehemu yenu walichanjwa kimeta lini.